Kutibu wazee, kufundisha na kutafiti: je, nichague moja?

Swali: "Shikamoo Daktari. Mimi ni daktari kijana, mzaliwa wa Lamu, na sasa nafanya kazi katika hospitali ya serikali huku Malindi. Tangu nimalize mafunzo ya vitendo, wagonjwa wanaonivuta ni wazee. Nataka kuwa bingwa wa tiba ya wazee, lakini napenda pia kufundisha, na nina maswali mengi ya utafiti ambayo sioni yamejibiwa popote. Wakubwa zangu kazini wananiambia nichague moja, maana mshika mbili moja humponyoka, seuze mshika tatu. Isitoshe, nimepata nafasi ya kusomea uzamili wa utafiti Uingereza. Je, mambo haya matatu yanaweza kukaa kwa mtu mmoja? Na nianzie wapi?"

Jibu: Marahaba, binti yangu.

Ushauri uliopewa unafaa kwa fani nyingi. Daktari wa upasuaji wa moyo anayetaka pia kuwa mwalimu na mtafiti huigawa wiki yake mafungu matatu, na kila fungu humnyima mwenzake. Katika tiba ya wazee, tena kwetu huku pwani, mambo ni mengine. Huwezi kumtibu mzee vizuri bila kutafiti, kwa sababu sehemu kubwa ya unachohitaji kukijua juu ya mzee wa Lamu au wa Malindi haijaandikwa. Wala huwezi kuendelea kumtibu bila kufundisha, kwa sababu ukitoka zamu saa kumi na moja jioni, anayebaki naye ni muuguzi na tabibu ambao hawakufunzwa jambo hili chuoni. Mimi naiona kuwa kazi moja, na nitakueleza kwa nini.

Fani yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka 1935, Marjory Warren, daktari wa hospitali ya West Middlesex karibu na London, alikabidhiwa wodi za nyumba ya mafukara iliyopakana na hospitali yake. Alikuta wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wazee, waliolala miaka nenda miaka rudi bila mtu kuuliza wanaumwa nini hasa. Aliwapima mmoja mmoja, akawapanga kwa mahitaji yao, akawatoa vitandani, akawashirikisha wauguzi katika kuwatembeza. Wako waliorudi makwao baada ya kukatiwa tamaa. Kisha akaandika aliyoyaona, katika makala za 1943 na 1946 kwenye majarida makubwa ya udaktari ya Uingereza, akitaka wazee wapewe wodi ndani ya hospitali kuu na wanafunzi wa udaktari wafundishwe humo. Hakuwa profesa. Tiba, mafundisho na utafiti vyote vilitoka wodi ile ile. Kiti cha kwanza cha uprofesa wa tiba ya wazee duniani kilikuja baadaye sana, mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na aliyekikalia ni Ferguson Anderson.

Sasa tuje kwenye hilo la mambo yasiyoandikwa. Kwa miaka mingi majaribio ya dawa yaliwaacha nje watu wenye umri mkubwa, na zaidi wale wenye maradhi matatu au manne kwa mpigo, yaani wale wale wanaojaza mabenchi ya kliniki yako. Chukua presha. Mpaka mwaka 2008 madaktari wengi walisita kumwanzishia dawa ya presha mtu aliyepita miaka 80, wakihofia kumdhuru. Ndipo yakatoka matokeo ya jaribio la HYVET, lililochukua wagonjwa 3,845 wenye miaka 80 na zaidi, na vifo vikapungua kwa takriban asilimia 21 kwa waliopewa dawa. Jaribio moja likabadilisha kazi ya madaktari duniani. Lakini angalia ni nani waliokuwemo: wengi walitoka Ulaya ya Mashariki na China, na walikuwa na afya nzuri kwa umri wao. Mzee wa kisiwa cha Pate, huko Lamu, mwenye presha, sukari na magoti yaliyokwisha hakuwemo. Unapomwandikia dawa unakisia, na ukikisia bila kuweka kumbukumbu, daktari atakayekuja baada yako ataanza kukisia upya.

Nitakupa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu naamini ndipo mahali pa wewe kuanzia.

Tiba ya wazee haianzi na jina la ugonjwa. Inaanza na swali: huyu mtu anaweza kujifanyia nini? Mwaka 1963 Sidney Katz na wenzake huko Marekani walitoa orodha ya mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, na kula. Mwaka 1969 Lawton na Brody wakaongeza mambo ya nje kidogo ya mwili, kama vile kutumia simu, kununua vitu, kupika, kufua, kusafiri, kutunza dawa na fedha. Orodha hizi zinatumika dunia nzima mpaka leo, na ni nzuri. Lakini zipeleke mtaa wa Mkomani, pale Lamu, uone. Bibi wa miaka 78 hajaenda sokoni tangu ujana wake, kwa kuwa vijana wa nyumba ndio wanaotumwa. Mumewe hajawahi kupika maishani. Ukijaza fomu kama ilivyo, utawaandika wote wawili kuwa walemavu, na hali bibi anaendesha nyumba ya watu kumi na mumewe anapanda ngazi za jumba la mawe mara nne kwa siku.

Uliza badala yake mambo ambayo mwili wa mzee wa kwetu hutakiwa kuyafanya kila siku. Je, bado anasujudu chini, au sasa anaswali kwenye kiti? Tangu lini? Anatawadha mwenyewe au anamiminiwa maji? Alfajiri anakwenda msikitini au ameanza kuswalia nyumbani? Akaaye ghorofani hushuka mara ngapi kwa siku? Bibi bado anakaa juu ya mbuzi akakuna nazi? Babu aliyekuwa akishona kofia bado anaona tundu la sindano? Kusujudu peke yake kunapima magoti, nyonga, mizani ya mwili, pumzi, na jinsi presha inavyojirekebisha mtu anapoinuka. Mzee aliyehamia kwenye kiti mwezi uliopita amekuambia jambo ambalo kipimajoto na mashine ya presha haviwezi kukuambia. Tena amekuambia bila kuona haya, maana ni rahisi kwake kuzungumzia swala yake kuliko mkojo wake.

Hayo nimeyasema kama daktari. Mtafiti ataongeza: umejuaje? Huenda wengine wanaswali kwenye kiti kwa sababu msikiti umeleta viti vipya. Kwa hiyo unahitaji kumwomba mwenzako amuulize mzee yule yule bila kuona jibu lako, muone kama mnapata jibu moja. Unahitaji kuwafuatilia wazee hao mwaka mzima, ujue nani ameanguka, nani amelazwa, nani amefariki, kisha uone kama majibu yao ya mwanzo yalikuwa yameashiria hayo. Na ukitoka mjini ukaenda bara ya Malindi kwa Wagiriama, wengi wao si Waislamu, kwa hiyo swali la sujudu halitakufaa. Kule itabidi uulize juu ya kuinama kulima, kuteka maji, kuinuka kutoka kwenye kigoda. Hapo tayari una utafiti wa miaka mitatu, na hujaomba mashine yoyote.

Wenzetu wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Kipimo cha kumbukumbu kilichozoeleka zaidi duniani, cha mwaka 1975, humtaka mgonjwa asome sentensi na aandike nyingine. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, waliona kwamba kinawaonea wazee wasiosoma shule, wakaunda kipimo cha IDEA, ambacho hakihitaji kalamu. Moja ya kazi zake ni kupanga njiti za kiberiti kwa umbo maalumu. Kwetu kuna jambo jingine la kulichunguza. Bibi zetu wengi wa Lamu huandikwa kuwa hawajui kusoma, na hali wamesoma Kurani tangu utotoni na wanasoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu bila shida. Sijaona kipimo cha kumbukumbu kinachomhesabia bibi huyo usomi wake.

Nije kwenye kufundisha. Wanaokwenda kufundisha kwa mara ya kwanza hutayarisha mhadhara. Wewe usitayarishe mhadhara. Chukua mzee mmoja, wanafunzi wawili, kiti, saa na mita tatu za sakafu. Mwambie mzee ainuke, atembee mita tatu, ageuke, arudi, akae, na wanafunzi wahesabu sekunde. Kipimo hicho kimetumika tangu 1991 na hakina gharama. Watajifunza hapo mambo ambayo wasingeyaona wakisoma faili: kwamba kiti kikiwa chini mno mzee hainuki, kwamba kandambili zinamkwaza, kwamba hajatembezwa tangu alipolazwa kwa kuwa kila mtu alidhani mwenzake atamtembeza. Bernard Isaacs, aliyefundisha tiba ya wazee huko Uingereza, alikusanya matatizo makubwa ya wazee katika makundi manne: kushindwa kutembea, kuanguka, kushindwa kujizuia, na akili kupungua. Akayaita majitu. Mwanafunzi akiyashika hayo manne, ataacha kuandika "uzee" kwenye sehemu ya ugonjwa.

Jambo la pili la kufundisha, na kwangu ndilo linalookoa maisha zaidi, ni kuweweseka kwa ghafla. Mzee aliyekuwa timamu Jumatatu, akawa anasema ovyo Jumatano, hajazeeka kwa siku mbili. Ana nimonia, au mkojo umeziba, au ana malaria, au amekaukiwa na maji, au sukari imeshuka, au amepewa dawa isiyomfaa. Nyumbani watasema kapandwa na mashetani, na hospitalini watasema ndiyo utu uzima. Yote mawili humchelewesha. Sharon Inouye na wenzake huko Marekani walionyesha mwaka 1999 kwamba mambo mepesi kabisa, kama kumtembeza mzee, kumkumbusha siku na mahali alipo, kumpa miwani yake, kumnywesha maji, kumwacha alale usiku, yanapunguza hali hii kutoka asilimia 15 hadi 9.9 ya waliolazwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomhitaji daktari. Yanahitaji muuguzi aliyefundishwa na mtoto wa mgonjwa aliyeelekezwa, kwa hiyo darasa lako la kwanza liwe la wauguzi, matabibu na jamaa wanaokesha na wagonjwa. Wanafunzi wa udaktari watakuja baadaye.

Kwa upande wa dawa, wafundishe waogope tatu zinazopatikana kila duka na kila zahanati. Glibenklamaidi, dawa ya ugonjwa wa sukari, hushusha sukari ya mzee na kuikalisha chini kwa saa nyingi. Mwezi wa Ramadhani, mzee mwenye sukari anayefunga huku akiendelea kuimeza kama kawaida anaweza kuzimia alasiri na familia ikadhani ni swaumu tu. Suala hilo lizungumzwe kliniki mapema, tangu Rajabu na Shaabani, siyo baada ya mwezi kuandama. Piriton, ambayo watu huinunua kwa mafua na kwa kukosa usingizi, na amitriptilini inayotolewa kwa maumivu, zote mbili zinaweza kumchanganya mzee akili na kumzuia mkojo. Mark Beers alianzisha orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee mwaka 1991, na bado inafanyiwa marekebisho. Muombe kila mwanafunzi afungue mfuko wa dawa wa mgonjwa mmoja, azitandaze mezani zote, aulize kila moja inatibu nini. Somo hilo hawalisahau.

Niseme pia kwamba ualimu bila heshima kwa wazee haufiki mbali. William Osler, ambaye madaktari wote tunamshukuru kwa kuwatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka kando ya kitanda cha mgonjwa, ndiye aliyesimama mwaka 1905 kuaga Johns Hopkins akazungumza juu ya watu waliopita miaka 60 kwamba hawana tena faida ya kazi. Alichanganya na mzaha, lakini maneno yalivuma. Wanafunzi wako watachukua kwako namna unavyomwita mzee, kama umeketi au umesimama juu yake, na kama umemuuliza yeye au umemuuliza mwanawe, kabla hawajachukua elimu yako.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisikubali uache utafiti, na haina uhusiano na vyeo. Unaishi katika kaunti ya Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na wengine wamelazimika kukimbilia kituo cha Kaya Godoma ili wapone. Mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna ugomvi wa ardhi, na hilo ni la polisi na mahakama. Lakini jiulize nani hutuhumiwa kwa urahisi. Ni mzee anayetembea usiku bila kujua aendako, anayezungumza peke yake, anayemkosea mjukuu jina, anayekataa kuoga. Sisemi kwamba kila anayetuhumiwa ana ugonjwa wa kusahau. Nasema hatuna budi kujua ni wangapi wanao, kwa sababu familia iliyoelezwa na daktari kwamba mama yao anaugua, na ikaonyeshwa namna ya kumtunza, ina jibu la kuwapa majirani. Elimu hiyo haitatoka Nairobi wala London. Itatoka kwa mtu anayekaa hapa, anayejua Kigiriama kidogo, na anayeaminiwa na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita mlango kwa mlango.

Na uko mahali pazuri. Kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, mfuko wa utafiti wa Uingereza, kiko Kilifi tangu 1989, safari fupi kutoka Malindi. Sifa zake zimejengwa zaidi juu ya malaria na afya ya watoto, lakini kina wataalamu wa takwimu, wa maadili na wa kuzungumza na jamii, na kina daftari la vizazi, vifo na uhamaji la watu wapatao 300,000 wa eneo linaloizunguka hospitali ya Kilifi. Watoto waliookolewa miaka ya mwanzo ya kituo hicho sasa ni watu wazima, na wazazi wao wanazeeka. Nenda ukabishe hodi na swali moja lililonyooka, usiende na ombi la kazi.

Upande wa maadili usiupite haraka. Utahitaji idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa, kibali cha NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, na ruhusa ya kaunti. Hayo ni makaratasi na yatapatikana. Gumu ni ridhaa ya mzee mwenyewe. Kwetu kifungua mimba husema kwa niaba ya mama yake, na mama hunyamaza kwa staha. Kaa na mama faraghani, au ukiwa na binti yake, umueleze kwa maneno yake. Ikiwa kumbukumbu zimepungua, jamaa watatia saini, lakini yeye akigeuza uso au akisukuma mkono wako, utafiti kwake umekwisha siku hiyo. Na matokeo yarudi kwao, kwenye baraza ya chifu, baada ya swala ya Ijumaa, kanisani, kwa Kiswahili. Mzee aliyekupa saa mbili za maisha yake anastahili kuambiwa ulichokipata.

Wakubwa zako wamesema kweli juu ya jambo moja: muda. Uingereza wana mpango wa madaktari wanaosomea ubingwa huku robo ya muda wao ikilindwa kwa utafiti. Hospitali yako haitakupa robo. Omba alasiri moja kwa wiki, iwe kliniki ya wazee wenye miaka 60 na kuendelea, ili usiwasake wodi zote. Tengeneza karatasi moja, upande mmoja tu, yenye maswali niliyoyataja: ameanguka, kumbukumbu, mkojo, dawa ngapi, sujudu au kigoda, sekunde za mita tatu. Karatasi hiyo ndiyo faili ya mgonjwa, ndiyo somo la mwanafunzi anayeijaza mbele yako, na kamati ya maadili ikisharidhia, ndiyo data yako. Ukiwa na karatasi tatu tofauti kwa kazi tatu, hapo ndipo utakapochoka na wakubwa zako wataonekana walikuwa sahihi.

Sasa ile nafasi ya Uingereza. Uzamili wa utafiti haukufanyi bingwa wa wazee. Njia ya ubingwa ni kusomea kwanza magonjwa ya ndani hapa nyumbani, kisha kwenda penye mafunzo rasmi ya wazee, kama Afrika Kusini au Uingereza. Njiani unaweza kufanya stashahada ya tiba ya wazee ya chuo cha kifalme cha madaktari cha London, na ualimu wa udaktari unaweza kuusoma kwa masafa. Dundee wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Ningekuwa na sauti katika jambo lako, ningekuambia uombe nafasi yako iahirishwe mwaka mmoja, uanze kliniki, ujaze karatasi zako, ndipo uende ukiwa na swali lako mwenyewe mkononi. Anayekwenda bila swali hupewa swali la profesa wake, akarudi na shahada juu ya wazee wa mji mwingine.

Wakikataa kuahirisha, usiikatae nafasi kabla ya kuwaandikia na kuwauliza mambo mawili: kama msimamizi wako atakubali data ikusanywe Malindi au Lamu, na kama data hiyo itabaki Kenya chini ya jina la hospitali yako. Wakijibu ndiyo kwa yote mawili, nenda. Wakijibu la hata kwa moja, baki, uombe tena mwakani. Na kwa vyovyote vile, ile kliniki ya alasiri usiingoje barua yao. Zungumza na muuguzi mkuu wa wodi wiki hii.